WIKIENDI ZA "SUMMER" TARIME NA SERENGETI: MGENI ANAYEISHI KWETU AENDE WAPI, NA HELA YAKE INAISHIA KWA NANI?



Kuna swali ambalo kila anayefanya kazi gesti au anayeendesha bodaboda huku kwetu ameshaulizwa: "Jumamosi kuna nini hapa?" Anayeuliza ni mgeni kutoka nje ya nchi. Jibu letu huwa moja, hakuna kitu, nenda mbugani. Jamaa anarudi chumbani, anafungua kompyuta yake, wikiendi inaisha. Hela aliyokuwa tayari kuitumia inabaki mfukoni, halafu sisi tunakaa vijiweni tunalalamika kwamba utalii unatupita juu kwa juu kama ndege.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mtalii wa kawaida simzungumzii. Yule anatua kwa ndege ndogo Kogatende au anashuka na Landcruiser kutoka Arusha, analala kambini siku mbili tatu, anaondoka, na ratiba yake ililipiwa huko huko kwao. Mwingine ni huyu anayeishi na sisi: mtaalamu wa mgodi wa North Mara pale Nyamongo, daktari au nesi wa kujitolea hospitali ya Mugumu, mtafiti wa wanyama, kijana wa chuo aliyekuja kufundisha shule kwa wiki nane. Na si wazungu tu, wapo Waafrika wenzetu na Waasia pia. Huyu ana kibali cha kuishi au cha kazi ya muda, ana Jumamosi na Jumapili kama mimi na wewe, na hana kampuni ya utalii inayomshika mkono.

Wanaongezeka Juni hadi Agosti kwa sababu vyuo vya Ulaya na Marekani vinafungwa. Wao wanaita summer, wakimaanisha majira yao ya joto. Kwetu ni kiangazi, mvua hakuna, vumbi kibao, na ukiwa Tarime milimani usiku wa Julai ni baridi ya kuvaa sweta. Wengi hufika na kaptula tupu, maana wameambiwa Afrika ni joto. Muuza mitumba wa Tarime analijua hilo kuliko Bodi ya Utalii!

Haya, mbuga yenyewe. Hatuwezi kuikwepa, na kwa mgeni mkazi ina unafuu ambao wengi wao hawaujui. Kwa viwango vya TANAPA vya 2023/24, kuingia Serengeti kwa mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki ni dola 70 msimu wa wageni wengi. Mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini analipa nusu, dola 35. Sisi wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000. Zote hizo bado hujaongeza VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo daktari wa Mugumu akifika getini na pasipoti tupu, kibali amekiacha nyumbani, analipa kama aliyetoka Paris jana. Kijana uliyemtafutia gari, mkumbushe kibali kabla hamjaondoka, atakukumbuka wewe mwezi mzima.

Msimu huu ndio wa nyumbu kuvuka Mto Mara, kaskazini ya hifadhi, kuanzia Julai hivi hadi Oktoba. Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, lakini hakuna mwenye ratiba yao. Wanaweza kusimama ukingoni saa tatu, wanasukumana, vumbi linatimka, halafu wanageuka wote wanarudi kula majani. Wengine huvuka leo kwenda ng'ambo na kesho kutwa wanarudi walikotoka. Kwa hiyo anayemuahidi mgeni kwamba "Jumamosi saa nne wanavuka" anamdanganya mchana kweupe.

Presha hiyo ya kutaka kuona kwa lazima imeshatuletea aibu. Julai 2025 video ya Kogatende ilizunguka dunia nzima: magari yamejazana ukingoni, watu wameshuka wamesimama na simu zao pale pale nyumbu wanapopita, wanyama wamezibiwa njia. TANAPA wenyewe walikiri tukio lile na kusema hatua zitachukuliwa kwa waliohusika. Kushuka kwenye gari nje ya sehemu zilizoruhusiwa ni kosa, na dereva ndiye anayebanwa kwanza, mgeni anapanda ndege anakwenda zake. Mgeni akikwambia "shuka kidogo tu tupige picha", mwambie hapana. Atanuna dakika tano tu.

Lakini mbuga kila wikiendi hakuna mwenye mfuko huo, hata huyo wa dola. Tuje mjini na vijijini, maana huku ndiko nasema tunajidharau.

Chukua makambi ya Wasabato. Mkoa wa Mara una Wasabato wengi, na katikati ya mwaka makanisa yao hufanya makambi, wiki nzima ya mahubiri na kwaya chini ya miti au mahema. Sabato ya makambi zinaimba kwaya kutoka mitaa mbalimbali, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata, sauti nne bila ala. Kwa mgeni anayependa muziki hakuna tiketi duniani inayolingana na hiyo, na ni bure! Anachotakiwa ni kuvaa kwa heshima na kuomba ruhusa kwa mzee wa kanisa kabla ya kupiga picha. Umeshawahi kumwambia hata mmoja? Hata kumweleza tu kwa nini baadhi ya maduka yanafungwa Jumamosi na kufunguliwa Jumapili kungemsaidia.

Halafu ngoma. Mkurya ana litungu, zeze kubwa la nyuzi nane, sauti yake nzito inaingia kifuani. Na kuna wachezaji wanaoruka na viatu vizito vya mbao huku njuga zinalia. Hii mgeni anaipenda kupita kiasi, na hapa ndipo hela inapopotelea. Kuna kikundi kimoja nakifahamu, watu kumi na wawili, kiliitwa kwenye kambi moja (jina naliacha) kucheza mbele ya wageni. Walicheza saa nzima. Wakapewa soda, nauli, na pesa ambayo waligawana ikatosha kilo ya sukari kila mmoja. Baadaye wakasikia kwamba wageni walikuwa wametozwa kwa kichwa, tena kwa dola. Walikosea nini? Hawakuuliza bei kabla. Waliambiwa "njooni mtangaze utamaduni" wakaenda kuutangaza.

Kinyume chake kinawezekana na si kigumu. Kikundi kinafanya mazoezi siku fulani kila wiki, uwanja fulani. Bandikeni siku na bei: kiingilio kiasi hiki, kupiga picha kimo humo, kujifunza kupiga litungu saa moja kiasi hiki. Daktari wa Mugumu hana haja ya kambi ya dola mia tano kumwona jirani yake akipiga litungu. Atakuja na wenzake wanne kwa bodaboda. Na bei ikiandikwa ukutani, ule mchezo wa kumpandishia kwa sababu ya rangi unakufa wenyewe. Wageni wakazi wanaambiana, mmoja akipigwa leo, kesho ofisi nzima wanajua na hawaji.

Kuna na chakula. Kichuri, wadau! Supu yenye uchungu wa matumbo, na ugali wa mtama au muhogo pembeni. Usimfiche mgeni kinachotoka tumboni mwa mbuzi, mweleze kwanza, wengine watakataa na wengine watarudi Jumapili inayofuata. Kahawa nayo: Tarime tunalima arabika milimani, halafu mgeni anakaa mjini anakunywa ya kopo. Mkulima mwenye shamba, kinu na sufuria ana shughuli nzima ya asubuhi ya Jumamosi mkononi, kuchuma, kukaanga, kutwanga, kunywa.

Kwa upande wa historia, Wilaya ya Serengeti ina Fort Ikoma, boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na hifadhi. Wanaolizunguka eneo lile ni Waikoma na Wanata, na ukiunganisha majina hayo mawili unapata Ikona, ile hifadhi ya jamii ya vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso. Mgeni akilala kwenye kambi iliyo ndani ya Ikona, sehemu ya anacholipa inatakiwa kufika vijijini. Hilo watu wa Robanda wanalielewa vizuri na mikutano yao kuhusu mapato si ya kusinzia.

Nje kidogo ya wilaya zetu ipo Butiama, safari ya siku moja. Kutoka Tarime unavuka daraja la Kirumi, unaingia kushoto Makutano. Kutoka Mugumu unapita Nata. Pale kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa 1999, mwaka ule ule aliofariki, na kaburi lake lipo Mwitongo nyumbani kwake. Nimeona wageni waliokuja kwa ajili ya simba tu wakitumia nusu siku Butiama wakiuliza maswali ambayo sisi wenyeji hatujawahi kuuliza.

Kwa tarehe za kudumu, shikeni hizi. Saba Saba na Nane Nane ni sikukuu za taifa kwa hiyo hata mgodini na hospitalini baadhi wanapumzika, na maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu na Simiyu na Shinyanga hufanyika Nyakabindi, Bariadi. Mwenge nao hupita kila halmashauri kabla ya Oktoba 14, na mkesha wake ni ngoma usiku kucha. Na Septemba 15 ni Siku ya Mara, iliyowekwa na mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki 2012 kwa ajili ya bonde la Mto Mara, Kenya na Tanzania wakipokezana kuandaa. Mto unaanzia misitu ya Mau kule Kenya na kuishia Ziwa Victoria, kwa hiyo siku hiyo utakuta wavuvi, wafugaji, watu wa hifadhi na wanafunzi uwanja mmoja.

Sasa mawili ya kuangalia, na haya si utani.

La kwanza ni sheria. Sheria ya Utalii ya 2008 inataka anayeongoza watalii kwa biashara awe na leseni. Kumsindikiza rafiki yako sokoni hakuna shida. Kujitangaza kuwa mwongozaji na kutoza hela bila leseni ni jambo jingine, utakamatwa siku ya kwanza unayopata mteja mzuri. Vijana jiungeni muwe kikundi, nendeni kwa ofisa utalii au ofisa utamaduni wa halmashauri, muulize utaratibu. Nafasi ipo, maana Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, na kuongoza watalii imo.

La pili ni Desemba. Baadhi ya wageni wakishanogewa na ngoma za Julai huanza kuuliza lini watakuja kuona "sherehe za mila". Kuna vijana wameshaona dili hapo. Jamani. Tohara ya wavulana ni mambo ya koo na wazee, nao ndio wa kusema nani asimame wapi. Lakini msimu ule ule wasichana hukeketwa, na tangu 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni jinai. Mgeni unayempeleka "kuona mila" anaweza kujikuta amesimama kwenye tukio la jinai na kamera mkononi, na wewe uliyemleta ukiwa umelipwa. Kila msimu kuna wasichana wanakimbilia Nyumba Salama pale Mugumu na kituo cha Masanga kule Tarime, wengine usiku, kwa miguu. Mtoto anakimbia sherehe ambayo wewe unaikatia tiketi? Mgeni akiuliza, mwambie ukweli wote, pamoja na kwamba vituo vile vinaendeshwa na wenyeji na vinapokea msaada. Picha za wasichana wale asiombe.

Kwa wikiendi hizi za mwisho wa kiangazi basi, mwenye ratiba ya makambi ya mtaa wake, siku za mazoezi ya kikundi cha litungu, mnada, au shamba la kahawa linalopokea watu, aweke hapa chini: siku, saa, mahali, bei kwa shilingi. Bodaboda wa Mugumu semeni na nauli ya kwenda na kurudi Robanda, maana mwezi jana nimesikia bei tatu tofauti kwa watu watatu wa nyumba moja.