Tikitimaji Pale Majira ya Joto Yanapokuwa Mafupi

Tikitimaji asili yake ni Afrika, na jamaa yake wa karibu, tikiti la Kordofan, hulimwa Sudan hadi leo. Ni mmea wa jua. Ndiyo maana aliyekulia Morogoro au Bujumbura kisha akahamia kaskazini mwa Marekani au Kanada huishia kuvunjika moyo: mashina yanatambaa vizuri, maua yanatoka, halafu jalidi ya Septemba inaunguza kila kitu, tunda likiwa bado na ukubwa wa ngumi.

Wengi hulaumu uchache wa siku. Mimi nalaumu mbegu kwanza, kisha udongo.

Miaka ya 1970, kijana Glenn Drowns wa kaskazini mwa jimbo la Idaho alitaka tikiti litakaloiva kwao milimani, ambako hata katika majira ya joto baridi ya usiku hufika nyuzi 6 hivi. Akachavusha aina tofauti, akawa anachagua mbegu za matunda yanayowahi. Hatimaye akapata Blacktail Mountain: tunda la mviringo la kilo 3 hadi 5, ganda la kijani kilichokolea, nyama nyekundu, tamu sana, tayari kwa siku 70 na ushei. Moon and Stars, aina ya zamani inayopendwa mno, hudai karibu siku 100. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Blacktail Mountain si chotara. Ukitunza mbegu zake, mwakani utavuna tunda lile lile.

Lakini siku hizo 70 ni za udongo wenye joto. Mbegu ya tikiti hupenda nyuzi 25 hadi 35; chini ya 21 husuasua, na katika udongo wa baridi huoza. Basi otesha miche ndani ya nyumba wiki 3 au 4 kabla ya kuihamisha, isizidi hapo, tena katika vikopo vinavyooza ardhini, kwa kuwa mizizi yake haipendi kuguswa. Wakati huo tandika nailoni nyeusi juu ya tuta ili udongo upate moto. Ningeruhusiwa hatua moja tu, ningechagua nailoni hiyo. Ukishapanda, funika miche kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na ukiondoe mara maua jike yanapochanua, yale yenye kitunda kidogo chini yake. Nyuki wakikosa njia, hakuna tunda.

Kuligonga tunda kwa kidole kunadanganya. Tazama ule uzi unaojisokota karibu na kikonyo: ukikauka ukawa wa kahawia, na doa la upande uliolalia ardhi likageuka manjano, vuna. Usifanye haraka, maana tikiti haliongezi utamu likishakatwa. Cream of Saskatchewan, lenye nyama nyeupe, huiva mapema pia, ila ganda lake jembamba hupasuka upesi. Hilo lile bustanini, usilipeleke sokoni.

Mbegu za mwakani zichukue kwenye tunda zuri lililowahi kuliko mengine, uzioshe na kuzianika kivulini. Kama jirani amepanda aina nyingine, nyuki watazichanganya. Kwa hiyo funga ua jike na ua dume jioni, kabla hayajachanua. Asubuhi pakaza chavua kwa mkono, funga ua jike tena, kisha tia alama kwenye kikonyo.