Kustaafu si Kubaki Kulinda Kuku

Mtumishi wa umma nchini mwetu aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Mkulima wa mpunga wa Kasansa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hapewi barua; siku moja jembe humshinda. Mwalimu na mkulima hao huikabili hatari ile ile: kuachwa nyumbani kulinda kuku wengine wakiondoka.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26. Mwaka huo Kanisa lilitoa pia rehema kamili kwa waliowatembelea wazee wenye shida.

Sisi tumezoea kupeleka sabuni na sukari, kisha tukaaga. Ni vema, lakini mzee anahitaji pia kutoka: apakiwe kwenye pikipiki hadi Jumuiya Ndogondogo, afikishwe Mpanda mjini kwenye ubatizo wa kitukuu, aketi na marika wake wacheke mambo yao. Na katika kikao cha ukoo aulizwe neno kabla ya uamuzi kupita, si baada yake.