Harufu ya Choo Haifunikwi, Huonyeshwa Njia

Februari moja, jua likiwaka Ukambani utadhani mvua haijawahi kunyesha, mama mmoja anayeishi upande wa vilima vya Iveti hapa Machakos alinipigia simu. Nyumba yake ilikuwa inanuka. Alikuwa amesugua vyoo, akamwaga dawa ya klorini, akatundika vidonge vya manukato, akachoma udi. Kila alfajiri harufu ilikuwa pale pale. Alikuwa ameshaambiwa tangi la maji taka limejaa na lazima aite lori la kunyonya.

Kabla ya kufungua mfuniko wowote nilizunguka nyumba. Katika bafu la chumba cha wageni nilichana ukanda mwembamba wa tishu, nikaushika juu ya kitundu cha maji pale sakafuni. Ukainuka na kupepea. Hewa ilikuwa inapanda kutoka kwenye tangi na kuingia chumbani. Nikamwaga jagi la maji kwenye kitundu kile na jingine kwenye bakuli la choo, kisha nikaushika tena. Safari hii ukanda ulining'inia tuli.

“Mwanangu, kumbe ni maji tu?”

“Ni maji tu, mama.”

Watoto na wajukuu walikuwa wamekuja Krismasi, wakarudi Nairobi mwanzoni mwa Januari. Tangu hapo hakuna aliyeoga wala kutumia choo kile. Joto likayakausha maji yaliyokuwa yakiilinda nyumba, na kila kilichokuwa tangini kikapata mlango.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndani yake mna jambo ninalotaka msomaji alishike. Harufu ya choo ni hewa inayosafiri. Ukiifunika kwa manukato utanusa manukato na choo pamoja. Tafuta njia inayopita, uizibe, kisha uipe njia nyingine ya kutokea juu ya paa.

Harufu hutoka wapi

Kinyesi na mkojo vikiingia mahali pasipo na hewa safi, bakteria huvivunjavunja. Kazi hiyo huzaa gesi kadhaa. Haidrojeni salfaidi ndiyo yenye harufu ya yai viza. Amonia ndiyo inayochoma macho penye mkojo mwingi. Methani haina harufu kabisa, lakini huwaka moto. Joto huwachangamsha bakteria, ndiyo maana choo kilichovumilika mwezi wa Julai hunuka Februari, ingawa wanaokitumia ni wale wale.

Hakuna choo kinachotumika ambacho hakizalishi gesi hizi. Choo cha shimo kule Mwala, tangi la ploti ya mjini Machakos, choo cha plastiki kinachokodishwa kwa mazishi au mashindano ya raga, hata kile kichoo cha ndani ya magari ya wasafiri yenye vitanda na jiko, vyote ni mamoja.

Kizuizi cha maji

Mwaka 1775 fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, Alexander Cumming, alisajili hataza ya choo chenye bomba lililopinda. Sehemu iliyopinda hubaki na maji kila baada ya kuvuta, na maji hayo huzuia hewa ya chini isipande. Mafundi wetu huiita trapu. Iko chini ya bakuli la choo, chini ya sinki, na chini ya kitundu cha bafu. Kina cha maji hayo ni cha sentimita chache tu, nacho ndicho kinachoitenga sebule yako na tangi la maji taka.

Machakos ni nchi ya ukame, na kizuizi hiki hufa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukauka, kama kwa mama wa Iveti. Ya pili ni maji kuvutwa: choo cha juu kikivutwa kwa nguvu wakati bomba la hewa halipo au limeziba, maji yanayoshuka huyanyonya yale ya trapu iliyo karibu. Ukisikia sinki likigugumia kila choo kinapovutwa, hiyo ndiyo dalili yake. Ya tatu ni ujenzi wa haraka, ambapo fundi huunganisha kitundu cha bafu na bomba kuu bila kuweka trapu kabisa. Hapo maji ya jagi hayatasaidia, itabidi sakafu ivunjwe.

Kwa choo kisichotumika mara nyingi, mwaga maji kila juma. Ukifunga nyumba kwa muda mrefu, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji ya kitundu cha sakafuni. Mafuta huelea na kuyachelewesha yasikauke.

Bomba la hewa

Ukishaziba njia ya chini, gesi bado inahitaji pa kwenda. Kila tangi na kila shimo lahitaji bomba la kupumulia linalopita juu ya paa. Hapa Afrika tuna somo letu wenyewe. Katika miaka ya 1970, katika maabara ya Blair nchini Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, mtafiti Peter Morgan na wenzake walibuni choo cha shimo chenye bomba la hewa. Mwaka 2013 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm.

Choo hicho hakina mashine. Upepo unaopita juu ya ncha ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na jua likilipasha bomba moto, hewa iliyo ndani hupanda kwa kasi zaidi. Hewa safi huingia mlangoni, ikashuka kwenye tundu, ikapanda bombani. Aliyechuchumaa hasikii harufu kwa sababu hewa inaelekea shimoni, haimrudii yeye. Nzi nao, wakiwa shimoni, hufuata mwanga wa juu ya bomba na kunaswa na wavu uliofungwa kwenye ncha yake.

Nimeviona vyoo vingi vya shule na vya nyumbani katika kaunti hii vyenye bomba ambalo halifanyi kazi. Makosa ni yale yale: bomba jembamba la inchi mbili badala ya milimita 100 hadi 150, bomba linaloishia chini ya ukingo wa mabati, wakati lapaswa kuupita mwinuko wa paa kwa nusu mita, wavu uliochanika au uliozibwa na buibui, tundu lililofunikwa kwa ubao, hewa isipate pa kuingilia. Katika choo cha namna hii tundu huachwa wazi. Kifuniko ni cha choo cha shimo kisicho na bomba.

Tangi na viumbe wake

Ndani ya tangi la maji taka bakteria ndio wafanyakazi. Vitu vizito huzama, mafuta huelea, maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunywea. Ukimwaga klorini kwa galoni kila Jumamosi ukidhani unaua harufu, unawaua wafanyakazi, tope linajaa upesi, na harufu inarudi ikiwa kali zaidi. Unga wa bakteria unaouzwa madukani hauondoi haja ya kunyonya tope linapofikia kama theluthi moja ya kina cha tangi.

Upande wa Mavoko, kuanzia Athi River hadi Mlolongo na Syokimau, kuna tatizo jingine. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kule ukilowa haunywi tena. Masika yakifika shimo hujaa, maji hurudi nyuma, na harufu huingia nyumbani hata trapu zikiwa nzima. Kwenye udongo huo usikubali kuchimbiwa shimo kabla fundi hajapima kasi ya kunywa maji. Kipimo hicho huhitaji ndoo za maji.

Vyoo vya kukodisha na vya magari vina tangi dogo lisilo na mahali pa kunywea, hivyo kila kosa huonekana upesi. Lianze na lita kadhaa za maji kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Kwa choo cha gari, vali ya chini ibaki imefungwa mpaka siku ya kumwaga, kwani ukiiacha wazi maji hutiririka na vitu vizito hubaki, vikakauka kuwa kichuguu kisichong'oka. Zile dawa za rangi ya buluu zenye formaldehaidi zisimwagwe kwenye tangi la nyumbani. Zimetengenezwa kuua bakteria, na huko nako zitawaua.

Kwa choo cha shimo kisicho na maji, majivu ya jikoni yatosha. Kopo moja baada ya kila haja hukausha, na penye ukavu harufu hupungua, nzi nao huhama.

Yasiyofaa kujaribiwa

Usichanganye dawa ya klorini na ile kali yenye asidi ya kusafishia bakuli. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usimwage mafuta taa wala oili chafu shimoni. Hushika moto, na huweza kufika kwenye kisima cha jirani. Usiangalie ndani ya tangi kwa kibiriti.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Usiingie shimoni wala tangini, hata simu ikianguka, hata mtu akianguka. Haidrojeni salfaidi ikizidi hulevya pua, harufu hupotea, na aliyeingia hudhani hewa imesafika kumbe dakika zake zinahesabika. Wanaomfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kuna familia nchini mwetu zilizozika zaidi ya ndugu mmoja kwa sababu hiyo. Simu itanunuliwa nyingine.

Nilipopita tena kwa yule mama wa Iveti, mlango wa chumba cha wageni ulikuwa umefungwa, na nje yake, sakafuni, pamewekwa jagi la plastiki lililojaa maji. Akaniambia ni la Jumamosi. Udi wake sasa huuchoma jioni, sebuleni, kwa kuwa anaupenda.