Mzazi wa Mambasa na kolasio ya Bunia

Mji wa Mambasa uko kama kilomita 165 kutoka Bunia. Kwenye ramani hapo si mbali: unashika barabara ya taifa namba 4 mpaka Komanda, unageuka kaskazini mashariki, unaingia mji mkuu wa jimbo la Ituri, nchini Kongo. Lakini kila chuo cha Bunia kinapotangaza siku ya kolasio, yaani sherehe ya kutoa shahada, nyumba nyingi za Mambasa huanza kupiga hesabu ngumu. Mtoto amemaliza. Ameomba wazazi waje wamwone akivikwa joho. Kuna nauli, kuna mahali pa kulala, kuna nguo, kuna barabara yenyewe. Mara nyingi mtu mzima mmoja pale nyumbani hukata shauri: mtoto apige picha, atutumie kwa simu, yatosha. Shauri hilo ninalielewa, ila nadhani lina kasoro. Mtu wa familia anayekaa ukumbini siku ile si mgeni wa sherehe. Ni shahidi, na tendo linalofanyika pale linahitaji shahidi kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na tendo lenyewe, maana wengi huliona kwa mbali tu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, wa Chuo Kikuu cha Shalom au wa chuo cha ualimu cha ISP Bunia hupita hatua kadhaa kabla ya siku hiyo. Hufanya mitihani, huandika kazi ya mwisho, huitetea mbele ya walimu. Jopo huketi, hukubaliana juu ya alama, kisha matokeo husomwa hadharani katika proklamasio. Kolasio huja baada ya hayo yote. Viongozi wa chuo na maprofesa huingia kwa maandamano wakiwa na majoho, wimbo wa taifa huimbwa, wahitimu huitwa kwa majina kitivo kwa kitivo, na mkuu wa chuo hutamka kwamba kwa mamlaka aliyo nayo anawapa shahada pamoja na haki na heshima zake. Dakika chache baadaye, nje, ni vigelegele, maua na mapicha. Watu wengi hudhani nje ndiko iliko sherehe. Mimi nasema kiini chake kiko katika lile tamko.

Anayepinga atasema: shahada mtoto aliipata siku ya proklamasio, kolasio haimwongezei hata alama moja. Kweli, alama haziongezeki. Ila tazama kinachofuata katika nchi yetu. Diploma yenyewe haitoki siku ya kolasio. Lazima ipitie wizara ya elimu ya juu kule Kinshasa ithibitishwe, na shughuli hiyo huweza kuchukua muda mrefu, hata miaka. Wapo watu Ituri wanaofundisha, wanaotibu na wanaoongoza ofisi huku mkononi wana karatasi ya muda tu. Katika kipindi hicho cha kungoja, uthibitisho ambao jamii inao ni kwamba jina lilitamkwa na watu wakasikia. Mama anayeweza kusema mbele ya mlango wa kanisa, “nilikuwepo, walimwita,” anabeba kitu ambacho picha ya simu haibebi, hasa siku hizi ambapo vyeti vya kughushi ni balaa linalojulikana na joho linakodishwa kwa yeyote mwenye pesa.

Tena Ituri imejifunza kwa uchungu kwamba karatasi hazidumu. Mwishoni mwa mwaka 2002, wilaya ya Mambasa ilivamiwa na wapiganaji wa makundi ya waasi ya MLC na RCD-National katika operesheni waliyoiita wenyewe “futa ubao”. Watu wa vijiji wakakimbia kuelekea Beni na Butembo. Mei 2003 vita vikawaka ndani ya Bunia kwenyewe, mpaka kikosi cha Ulaya kikatumwa mwezi uliofuata. Anayekimbia usiku na mtoto mgongoni hachukui faili la vyeti. Baada ya vita kama hivyo, kitu kinachomrudishia mtu jina lake ni watu waliokuwa pale wakaona. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kusema kwamba ushahidi wa familia una kazi.

Sababu ya pili inatoka mbali, na naileta kwa kuwa inajibu vizuri sana hoja ya “alama zinatosha”. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kule Uingereza viliwaruhusu wanawake kusoma na kufanya mitihani, lakini vilikataa kuwapa shahada. Walishinda mitihani ile ile kama wanaume, wakarudi nyumbani bila kutamkwa. Kati ya 1904 na 1907, Trinity College ya Dublin, Ireland, ilikubali kuwapa shahada. Wanawake zaidi ya 700 wakapanda meli, wakavuka bahari, wakavaa joho kwa saa chache katika chuo ambacho hawakusoma, kisha wakarudi. Elimu walikuwa nayo tayari, na matokeo pia. Wengi walikuwa walimu wa shule waliohitaji kutambuliwa kazini, na walijua kwamba kujua jambo ni kitu kimoja, na kutangazwa mbele ya watu kuwa unalijua ni kitu kingine. Oxford ilifungua mlango mwaka 1920; Cambridge ikangoja mpaka 1948. Taasisi haipigani miaka mingi hivyo kuzuia sherehe isiyo na maana.

Hapo hutokea sauti nyingine, nayo naiheshimu: joho ni la Wazungu, kofia ya pembe nne ni ya Wazungu, Kilatini cha wimbo wa wanachuo ni cha Wazungu, sisi watu wa msitu wa Ituri tunatafuta nini humo? Umbo, ndiyo, limetoka Ulaya. Lilikuja na Lovanium, iliyofunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954, wakati ambapo serikali ya Wabelgiji ilikuwa imewanyima Wakongomani elimu ya juu kwa muda mrefu kiasi kwamba siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wenye shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika hata 30. Lakini wazo la kwamba mtu hawezi kujitangaza mwenyewe kuwa amekua, kwamba lazima apokewe na watu wake hadharani, halikuja na meli. Wabila na Wambuti wa pande za Mambasa na Epulu walikuwa na nkumbi, jando la wavulana, ambalo mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliliandika katika miaka ya 1950. Wavulana walitengwa kambini kwa miezi, wakafundishwa, wakavumilia, kisha wakarudishwa kijijini kwa nyimbo. Baba na wajomba walikuwa sehemu ya kazi ile. Kijana aliyerudi bila kupokewa alikuwa bado hajarudi. Basi mzazi anayekwenda Bunia kumpokea mtoto wake anaendeleza desturi ya kwao katika nguo ngeni.

Na kuna haki ya yule anayelipa. Katika nchi nyingi serikali au mkopo hubeba sehemu kubwa ya gharama za chuo. Kwetu anayebeba ni nyumba. Ni gunia la kakao lililouzwa kabla ya bei kupanda kwa sababu tarehe ya malipo imefika. Ni kaka aliyeshuka kwenye machimbo ya dhahabu, mama aliyetembeza mchele na mafuta ya mawese, shangazi wa Bunia aliyempa mtoto chumba na sahani ya ubwabwa kwa miaka mitano. Wote hao wametuma pesa kwa simu vipande vipande, pasipo kuona jengo la chuo hata mara moja. Kwa wengi wao kolasio ndiyo siku pekee ambayo chuo kinafungua lango na kusema, ingieni. Nikisikia kijana akisema wazazi wake wa kijijini “hawataelewa” shughuli ile kwa hiyo wasisumbuliwe, nahuzunika. Wameielewa kwa miaka yote waliyolipa. Na yule ambaye vita vilimchukulia wazazi, asikae ukumbini peke yake. Aje mama mkubwa, mjomba, au mchungaji aliyemlipia mwaka wa kwanza.

Hoja nzito kuliko zote ni barabara, na hapa sitaki kusema maneno mepesi. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Waasi wa kundi la ADF wameua wasafiri na wanakijiji katika njia hiyo hiyo ya Mambasa na Bunia, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waliwaua watu zaidi ya 40 Komanda, wengi wao waumini waliokuwa kanisani wakikesha kwa sala. Komanda ndipo mahali ambapo msafiri wa Mambasa anageukia Bunia. Hakuna tamko la chuo lenye thamani ya damu. Kama wiki ile habari za njia ni mbaya, mzazi abaki nyumbani, na mtoto asimlaumu. Lakini hata hapo hatuko mikono mitupu. Watu wa Mambasa wanaoishi Bunia ni wengi, wakiwamo waliokimbia. Mmoja wao anaweza kupewa kazi hiyo rasmi na familia, kwa kupigiwa simu na wazee, aketi kwenye kiti cha baba, kisha alete habari. Na mhitimu atakapofika nyumbani, jina lake na shahada yake visomwe kanisani au msikitini mbele ya watu wote. Njia inapokuwa salama, aende mtu mmoja au wawili, si gari zima.

Gharama nazo zinajibika, tukikubali kutenganisha vitu viwili ambavyo tumeviunganisha bila sababu. Kolasio ni kitu kimoja. Karamu ni kitu kingine. Kinachofilisi familia ni kreti za bia na soda, vitenge vya sare kwa ukoo mzima, muziki wa kukodi, na mbuzi wa kuwalisha watu ambao hawakuwahi kuchangia hata daftari. Nauli ya mama kwenda na kurudi ni sehemu ndogo ya hayo. Nimeona ajabu kwamba familia zinazosema hazina nauli ya kumpeleka mzazi Bunia hupata pesa ya kulisha mtaa mzima baadaye Mambasa. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, mama apande gari, na karamu ifutwe. Majirani watasema, kisha watanyamaza.

Tutaambiwa pia: tunasherehekea nini, ikiwa wahitimu hawana kazi? Wako walimu wenye shahada wanaofundisha miaka mingi bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na wako wengine wanaobeba abiria kwa pikipiki. Uchungu huo ni wa kweli, na familia nyingi zinaujua. Lakini kolasio haijawahi kuahidi mshahara. Mkuu wa chuo anachotamka ni kwamba mtu huyu anaweza kuaminiwa na kazi ya elimu yake, na daktari anaapa pale pale mbele ya watu. Akiapa mbele ya mama yake na wazee wa kwao, wenye haki ya kumkumbusha siku moja atakapomdai mgonjwa maskini pesa isiyo halali, kiapo kinapata mlinzi. Ukosefu wa kazi ni kosa la wanaotawala uchumi. Tusiwalipizie wahitimu kwa kuwanyima mashahidi.

Lililobaki ni la vyuo vyenyewe. Shughuli nzima hufanyika kwa Kifaransa, mbele ya wazazi ambao lugha yao ya sokoni, ya kanisani na ya nyumbani ni Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa. Mzazi hukaa saa tatu akingoja kusikia jina moja tu. Mfumo mpya wa masomo, LMD (lisanse, masta, dokta), umeongeza utata: mzee aliyezoea miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisanse sasa anaambiwa lisanse ni ya miaka mitatu, na hakuna anayemweleza mtoto wake amefika wapi. Wakuu wa vyuo vya Bunia, tunawaomba mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Tangazeni tarehe mapema, angalau miezi miwili kabla, na msiibadilishe wiki ya mwisho, maana mtu wa Mambasa hasafiri kwa siku moja. Kila mhitimu apewe viti viwili vya familia kabla ya viti vya wakubwa kugawiwa. Na lile tamko la kutoa shahada, mkishalisema kwa Kifaransa, lisemeni tena kwa Kiswahili, pamoja na jina la mahali anapotoka mhitimu. Nanyi wazazi, mkipata habari kwamba njia ni shwari, msitume salamu tu. Nendeni.