Chupa Zifunikwe

Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja mwenye duka la mvinyo mjini Paris, Steven Spurrier, aliwaketisha mabingwa tisa wa Kifaransa waonje mvinyo bila kuonyeshwa chupa. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux, ukiwamo Château Mouton Rothschild wa mwaka 1970, uliwekwa meza moja na wa California. Alama zilipojumlishwa, ulioongoza ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, wa California, wa mwaka 1973. Watu walioishi kwa kuonja waliipa California nafasi ya kwanza kwa sababu hawakujua wanakunywa wa California.

Natamani jambo hilo lifanyike kila marafiki wanapokutana na chupa zao. Mazoea yetu ni kinyume. Mgeni anafika, lebo inasomwa kwa sauti, mtu anauliza bei, na kabla glasi haijafika mdomoni hukumu imeshatoka. Wa Ufaransa utasifiwa. Wa Afrika Kusini utaitwa wa kawaida kwa kuwa umejaa supamaketi. Wa Dodoma utachekwa. Ulimi unafuata jicho, hata kwa wanaosomea mvinyo: mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Frédéric Brochet wa Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Maandalizi ya kuonja chupa zikiwa zimefunikwa ni madogo. Chupa ya mililita 750 inatoa vionjo 15 vya mililita 50, hivyo chupa nne zinawatosha watu wengi. Kila moja izungushiwe gazeti hadi shingoni na iandikwe namba, na vizibo viwekwe mbali, maana navyo vina majina. Kama yumo asiyekunywa na hana kinyongo na kazi hiyo, amimine yeye, kwa kuwa hana upande. Kila mtu aandike anachokipata kabla ya yeyote kuzungumza. Mwenye sauti kubwa akitangulia kusema ananusa tumbaku, meza nzima itanusa tumbaku. Kiwepo chombo cha kutemea, na atakayekitumia asichekwe.

Kwa sisi wa Pwani, kuna la kuangalia kabla ya kumimina. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya, zenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari huweza kufika 30. Kwenye joto hilo alkoholi hupanda puani na kufunika harufu nyingine zote. Nusu saa ndani ya friji inatosha kuurudisha mvinyo mahali pake.

Utajiri hasa uko pale zabibu inapokuwa ya aina moja na nchi zikawa tofauti. Chukua Malbec. Kwao ni Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1853 Mfaransa Michel Pouget aliipeleka Argentina, ikastawi Mendoza, chini ya milima ya Andes, kwenye mashamba ambayo mengi yapo mita 900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, jua kali mchana na baridi usiku. Wa Cahors mara nyingi hushika ufizi, kama ndizi mbichi: tanini za maganda na mbegu hukamatana na protini za mate, ulimi ukabaki mkavu. Wa Mendoza huingia laini, na harufu ya plamu zilizoiva. Hapo nchi inaonjwa kweli, kwa jua lake na mwinuko wake.

Majina peke yake hayaaminiki sana, hata shambani. Chile ilikuwa na mizabibu iliyoitwa Merlot tangu karne ya 19, mpaka Novemba 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot alipotambua kwamba mingi ni Carménère, aina iliyokuwa karibu kutoweka kwao Bordeaux. Carménère huchelewa kuiva kwa wiki kadhaa. Ikivunwa pamoja na Merlot hunukia pilipili hoho mbichi, na wanywaji walidhani hiyo ndiyo tabia ya Merlot ya Chile.

Chupa ya Dodoma isikosekane mezani, na hili nalisisitiza. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Huko hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye huuamsha kwa kupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za masika hupambana na mvua na ukungu wa majani. Za Agosti na Septemba huiva katika ukame, zikiwa safi zaidi. Anayeuhukumu mvinyo wa Dodoma kwa ule mtamu aliopewa harusini hajauonja bado. Utafutwe usio na sukari, wa zabibu ya Makutupora au Syrah (ndiyo hiyo Shiraz), ufunikwe, uwekwe kati ya Shiraz ya Australia na ya Afrika Kusini. Ukishindwa, uwe umeshindwa kwa kilichomo glasini. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, hapo Dodoma, anastahili hilo, bila huruma na bila dharau.

Duru ya kwanza iwe bila chakula, kisha iletwe nyama. Mafuta na protini za mbuzi wa kuchoma hulainisha ukakasi, na mvinyo uliokuwa mkia huweza kupanda ghafla. Pilipili huongeza mwako wa alkoholi, kwa hiyo ikae kando kwanza. Kila mtu apange namba zake upya baada ya nyama, ndipo magazeti yavuliwe.