Safari ya kuonja mvinyo Rasi ya Magharibi: anza na mahali pa kulala

Mwishoni mwa Januari mavuno ya zabibu huanza katika mabonde yaliyo mashariki ya Cape Town, na huendelea hadi mwisho wa Machi au siku za mwanzo za Aprili. Huu ndio wakati ambapo wasikilizaji wetu wengi waishio Afrika Kusini hupokea wageni kutoka nyumbani, na miongoni mwa wageni hao hakosekani anayesema: nipelekeni nikayaone mashamba ya mvinyo ninayoyasikia.

Walio wengi huipanga safari hii kwa kuandika kwanza orodha ya mashamba, kisha hutafuta kitanda popote palipobaki nafasi. Mpango huo ni wa kinyume. Katika safari ya kuonja mvinyo, mahali pa kulala ndipo panapoamua mambo mengine yote: mashamba mangapi yatatembelewa, nani atakayeonja na nani atakayekaa mikono mitupu, gharama itakuwa kiasi gani, na zaidi ya yote, kundi zima litarudi vipi jioni.

Hesabu ya bilauri

Kuonja mvinyo si karamu. Mgeni huketi, na mhudumu humletea aina nne hadi sita, kila moja kwa mmiminiko mdogo wa takriban mililita 25 hadi 30. Huanzwa na mvinyo mweupe mwepesi, hufuatiwa na mwekundu mzito, na mtamu huja mwisho, kwa sababu ulimi uliokwisha kuonja utamu hauwezi tena kuutendea haki mvinyo mkavu. Kwanza hutazamwa rangi, kisha huvutwa harufu, ndipo kinywa kipate fundo moja dogo.

Mezani huwapo chombo cha kutemea. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, kutema mbele ya mwenyeji ni jambo la kuonewa haya. Katika pishi la mvinyo ni kinyume chake. Mtaalamu anayeonja aina 40 kwa siku hutema zote, na hakuna mhudumu atakayemkunjia uso mgeni anayefanya hivyo. Asiyetaka kutema anaweza kumimina mabaki ya bilauri yake katika chombo hichohicho.

Wageni wengi, hata hivyo, humeza. Hapo hesabu yafaa kufanywa mapema. Mimiminiko mitano hukusanya yapata mililita 150, na mvinyo wa huko mara nyingi huwa na alkoholi ya asilimia 13 au 14. Hiyo ni kusema kila shamba moja huacha mwilini takriban mililita 20 za alkoholi tupu. Mwili wa wastani huondoa kiasi cha mililita 10 kwa saa. Mashamba matatu ni mililita 60, na mililita 60 ni saa sita. Chakula cha mchana hupunguza kasi ya alkoholi kuingia katika damu, hakiifuti. Kahawa nayo humwamsha mlevi tu.

Sheria ya Afrika Kusini inamkataza dereva wa kawaida kuendesha gari akiwa na gramu 0.05 za alkoholi au zaidi katika kila mililita 100 za damu, au miligramu 0.24 katika kila lita moja ya pumzi. Kwa dereva wa kulipwa, yaani mwenye kibali cha kubeba abiria au mizigo, kiwango hushuka hadi gramu 0.02. Jambo hili laihusu jamii yetu kwa karibu. Mara nyingi ndugu anayeombwa kuwapeleka wageni ni yule mwenye gari, naye ana gari kwa kuwa teksi ndiyo riziki yake. Kosa hili ni la jinai: humfikisha mtu mahakamani, huweza kumpokonya leseni, na kwa mhamiaji rekodi ya jinai huenda ikamfuata kila anapokwenda kuhuisha karatasi zake. Kumwambia ndugu huyo “onja kidogo tu” si ukarimu.

Mabonde na vitanda

Usafiri wa umma haufiki kwenye mashamba mengi. Teksi ndogo za abiria hupita barabara kuu, ilhali pishi huwa ndani kabisa, mwisho wa njia ya miti. Magari yanayoitwa kwa simu hupatikana kwa wepesi Cape Town na katika mji wa Stellenbosch, lakini huadimika kadiri mtu anavyoingia mabondeni, hasa jioni. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nyumba ya wageni lisiwe la uzuri wa chumba, bali hili: kutoka hapa nitaweza kwenda wapi bila kushika usukani?

Stellenbosch, ulioanzishwa na gavana Simon van der Stel mwaka 1679, uko yapata kilomita 50 kutoka Cape Town. Ni mji wa chuo kikuu, wenye mialoni mikubwa na nyumba nyeupe za kale katika mtaa wa Dorp. Faida yake ni kwamba mgeni anayelala katikati ya mji huweza kutembea kwa miguu hadi kwenye mikahawa na vyumba vya kuonjea vilivyomo mjini humohumo, kisha akakodi gari lenye dereva kwa siku moja tu ya kwenda mashambani. Hapa ndipo njia ya kwanza ya mvinyo nchini ilipobuniwa mwaka 1971, wakulima wa Simonsig, Delheim na Spier walipokubaliana kuwafungulia wageni milango kwa pamoja. Hapa pia, mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alizichanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut akapata Pinotage, zabibu ambayo Afrika Kusini huiita yake. Atakayekuwa na usiku mmoja au miwili tu asihangaike, Stellenbosch inamtosha. Aangalie lakini siku za mahafali ya chuo, ambapo vyumba hujaa na bei hupanda.

Franschhoek, kilomita 30 hivi mbele zaidi, lilikuwa likiitwa Olifantshoek, yaani kona ya ndovu, kabla ya Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini kufika Rasi mwaka 1688 na kupewa ardhi bondeni humo. Ni pazuri kupita kiasi, na bei zake nazo hulijua hilo. Lakini pana kitu ambacho hakipatikani kwingineko: tangu mwaka 2012 behewa la reli na mabasi yaliyotengenezwa kwa sura ya tramu huwazungusha wageni shamba hadi shamba, wakishuka na kupanda watakavyo. Tiketi hulipia usafiri peke yake; kuonja hulipwa katika kila shamba. Mwenye kulala ndani ya kijiji hana haja ya gari siku nzima. Ukijumlisha kodi ya gari, mafuta na mshahara wa dereva, chumba cha Franschhoek kilichoonekana ghali huenda kisiwe ghali tena, hasa kwa watu wawili. Kwa familia ya watu sita hesabu hugeuka, na gari dogo la kukodi pamoja na dereva wake hushinda.

Paarl, jina lenye maana ya lulu, liliitwa hivyo kwa sababu ya miamba ya mlima wake inayong’aa baada ya mvua. Malazi yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya majirani wake wawili, ila mji umetanda na hautembeleki kwa miguu. Barabara itokayo hapo kuelekea Franschhoek hupita gereza lililoitwa zamani Victor Verster, alikotoka Nelson Mandela kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Sanamu yake imesimama langoni.

Asiyetaka kuhama Cape Town anaweza kubaki huko na kwenda Constantia, iliyo ndani ya mipaka ya jiji. Groot Constantia, shamba la mwaka 1685, ndilo kongwe kuliko yote yatoayo mvinyo nchini, na mvinyo mtamu wa bonde hilo ulimfikia Napoleon uhamishoni katika kisiwa cha Saint Helena. Safari ya teksi ni fupi, na mabasi ya watalii yamekuwa yakifika huko.

Yapo pia mashamba yenye vyumba vya kulala wageni katikati ya mizabibu. Alfajiri yake haina mfano. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: je, chakula cha jioni kinapikwa hapo, na siku zipi? Mgeni aliyemaliza kuonja saa kumi na moja jioni, jiko likiwa limefungwa na mji uko kilomita 15, atajikuta yu katika tatizo lilelile alilolikimbia.

Mikono iliyopanda

Tarehe 2 Februari 1659 Jan van Riebeeck aliandika kwamba siku hiyo mvinyo ulikuwa umekamuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na zabibu za Rasi. Katika miongo iliyofuata, mikono iliyopalilia mizabibu hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia ya leo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na uhuru wenyewe ukafika mwaka 1838. Hata baada ya hapo, kwa vizazi, vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyojulikana kwa jina la dop. Imekwisha kupigwa marufuku, lakini madhara yake hayajaisha: jimbo hili bado lina viwango vya watoto walioathiriwa na pombe tumboni vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani. Mgeni anayestaajabia nyumba nyeupe za Kiholanzi anastahili kulijua hili, na mwongozaji mzuri halifichi.

Sura ya pili ya habari hii inaandikwa sasa. Ntsiki Biyela alifika Stellenbosch mwaka 1999 kwa ufadhili wa masomo, akitokea kijijini KwaZulu-Natal, asijue ladha ya mvinyo. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini kuongoza utengenezaji wa mvinyo, na baadaye akaanzisha mvinyo wake mwenyewe, Aslina, kwa jina la bibi yake. Nao Wazimbabwe wanne waliofika Afrika Kusini kama wahamiaji, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu, waliiwakilisha nchi yao mwaka 2017 huko Ufaransa katika mashindano ya dunia ya kuitambua mvinyo bila kuiona chupa. Kisa chao kimesimuliwa katika filamu ya Blind Ambition.

Kwa wasiokunywa

Katika familia za Waswahili si ajabu nusu ya kundi kuwa haigusi pombe, kwa imani au kwa hiari, na hao wasichukuliwe kuwa madereva wa bure tu. Mashamba mengi hutoa maji ya zabibu, jibini, zeituni au chakula cha kula juu ya nyasi. Fairview, karibu na Paarl, watoto huja kuwatazama mbuzi wanaopanda mnara. Huko Constantia, karibu na lango la shamba la Klein Constantia, pana kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyeletwa uhamishoni na Waholanzi kutoka Sumatra katika karne ya 17. Waislamu wa Cape Town hulizuru hadi leo, na Mwislamu aliyefuatana na jamaa zake bondeni hana sababu ya kungoja ndani ya gari.

Kuhusu majira, wakati wa mavuno huchangamka lakini watengenezaji hawana nafasi ya kuzungumza na mgeni. Juni hadi Agosti ni baridi na mvua. Vyumba hushuka bei na pishi huwashwa moto. Mtu wa Dodoma, aliyezoea mzabibu uvunwao mara mbili kwa mwaka, atashangaa kuikuta mizabibu ya Rasi wakati huo ikiwa vijiti vitupu: hapa huzaa mara moja tu. Mashamba mawili kwa siku yanatosha, matatu ni ukomo, na vyumba vingi vya kuonjea hufungwa saa kumi au kumi na moja jioni. Anayeonja lazima awe ametimiza miaka 18.

Chupa za kupeleka nyumbani zifungwe ndani ya nguo katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki abiria mtu mzima huruhusiwa kuingiza lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili za kawaida, kila moja ya mililita 750, zimo ndani ya kiwango hicho. Ya tatu haimo.