Uvira: Kamera kuukuu zinaweza kuonyesha mwendo wa Ziwa Tanganyika

Kila masika yanapoisha, familia zinazokaa pembeni ya ziwa, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, hujiuliza: maji yatarudi nyuma, ao yamehamia hapa? Kamera ndogo ya dijitali, ya zile zilizoachwa kabatini tangu simu zianze kupiga picha, inaweza kusaidia kupata jibu.

Njia yenyewe ni kupiga picha nyingi za mahali pamoja, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta ziwe video. Picha moja kwa siku kwa mwaka ni picha 365. Zikipita 25 kwa sekunde, mwaka mzima unaonekana kwa sekunde zisizofika 15.

Mwaka unahitajika kwa sababu ziwa lina majira yake. Kwa kawaida maji hufika juu kabisa mwezi wa 4 ao wa 5, halafu hushuka hadi mvua zinaporudi. Picha moja ya mwezi wa 5 inaweza kutisha bure. Ikilinganishwa na ile ya mwezi wa 5 wa mwaka uliotangulia, ndipo inaonekana kama maji yameongezeka kweli, kama ilivyokuwa mwaka 2024, yalipoingia katika nyumba na barabara za Uvira.

Kamera iwekwe mahali pasipotikisika, na kila picha ionyeshe kitu kisichohama: ukuta, mti mkubwa ao nguzo iliyochorwa alama za sentimita. Saa ya kupiga isibadilike. Zumu na flashi ziachwe.

Kwa mambo ya haraka, kama mto unaojaa, kamera inapaswa kujipiga yenyewe. Baadhi ya kamera za Ricoh na Pentax zina uwezo huo. Kwa aina nyingi za Canon PowerShot kuna CHDK, programu ya bure inayowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kufuta programu ya kamera. Picha moja kila sekunde 30, kwa saa tatu, ni picha 360. Batri za zamani huisha upesi, kwa hiyo ya akiba inahitajika.

Hata hivyo, hakuna picha inayostahili maisha ya mtu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kuua watu wengi mjini. Kamera ikae juu, mbali na maji, na mwenyewe asiisimamie mtoni. Viongozi wa kartie wajulishwe mapema, na isielekezwe kwenye kambi za askari, bandari wala mpaka.

Video hiyo haichukui nafasi ya hati ya kiwanja. Lakini familia inayotaka kujenga upya inaweza kuona maji yalifika wapi, na yalikaa siku ngapi, kabla ya kununua matofali.